Sera ya kufikisha intaneti kwa kila mtu: jinsi ya kuipanga, kuilipia na kuisimamia

Mwaka 2024 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, lilikadiria kwamba watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti, yaani karibu theluthi moja ya watu wote. Idadi hiyo ikitajwa, wengi hufikiria minara. Lakini hesabu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, za mwaka huohuo zinaonyesha kwamba wanaoishi mahali ambapo intaneti ya simu haifiki kabisa ni takriban 4 kati ya watu 100. Wanaoishi mahali inapofika na bado hawaitumii ni takriban 39 kati ya 100 (hesabu hii ni ya intaneti ya simu pekee, ndiyo maana inazidi ile theluthi ya ITU). Hawa hawasaidiwi na mnara mwingine. Kinachowazuia ni bei ya bando, bei ya simu, kutojua kusoma, kukosa pa kuchajia, au kutoona la maana la kufanya mtandaoni.

Mwongozo huu unamfaa aliye wizarani, kwa mdhibiti wa mawasiliano, kwenye halmashauri au katika asasi ya kiraia, ambaye kazi yake ni kuandika sera hiyo au kuihoji. Msimamo wetu ni mmoja: fedha ya umma ilipie huduma inayotumika, si kifaa kilichofungwa. Karibu kila kosa linaloelezwa hapa chini limetokana na kulipia kifaa.

Pima kabla ya kuandika

Usianze na idadi ya laini zilizosajiliwa. Mtu mmoja huwa na laini mbili au tatu, na laini nyingine zimo ndani ya mashine za malipo na vifaa vya kufuatilia magari. Nchi inaweza kuwa na laini nyingi kuliko watu wake huku maelfu ya wanawake wa vijijini wakiwa hawana hata moja.

Fanya utafiti wa kaya, lakini muulize mtu mmojammoja. Mkuu wa kaya akijibu kwa niaba ya wote, simu yake inahesabiwa kuwa ya mke, mama mzazi na binti, hata kama hawaigusi. Chagua kwa bahati nasibu mmoja kati ya wanakaya na uongee naye mwenyewe. Swali linalokubalika kimataifa ni kama ametumia intaneti ndani ya miezi mitatu iliyopita, popote pale, kwa kifaa chochote. Asiyetumia aulizwe sababu kuu moja, kisha ya pili. Andika jinsia, umri, ulemavu, simu anayotumia ni ya nani na anaichajia wapi.

Kuhusu ukubwa wa sampuli: watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kamili hutoa jibu lenye uwezekano wa kupotoka kwa takriban asilimia 5 juu au chini. Kwa kuwa wahoji huenda kijiji kwa kijiji, na watu wa kijiji kimoja hufanana, ongeza hadi 800 hivi. Na ukitaka jibu la kila mkoa, unahitaji 800 kwa kila mkoa. Wizara nyingi hukwama hapa: sampuli inatosha kuieleza nchi nzima, kisha inatumiwa kugawa fedha wilaya kwa wilaya.

Ramani za kampuni za simu zichukuliwe kama makadirio. Hutengenezwa kwa kompyuta, na mara nyingi huonyesha mawimbi ya nje, mtu akiwa amesimama mahali pa wazi. Ukuta wa tofali au paa la bati hupunguza mawimbi kwa desibeli 10 hadi 20, na kila desibeli 10 ni kupoteza tisa ya kumi ya nguvu iliyokuwapo. Ndiyo maana kijiji huonekana cha kijani kwenye ramani ilhali watu wanatoka nje na kupanda kichuguu ili wapige simu. Tuma watu wapime ndani ya darasa, ndani ya zahanati na sokoni, mchana na pia saa mbili usiku mtandao unapoelemewa.

Ukimaliza, kila kata au kijiji utaweza kukiwekea alama ya kizuizi chake kikuu: mawimbi, bei, kifaa, au stadi na manufaa. Kila alama ina dawa yake. Kutumia dawa ya moja kwa nyingine ndiyo njia ya haraka ya kupoteza bajeti.

Mahali ambapo mawimbi hayafiki

Kabla ya kutoa hata senti moja ya ruzuku, tumia mamlaka ambayo serikali tayari inayo: masafa ya mawimbi ya redio na leseni za kuyatumia. Masafa ya chini, kama 700 na 800 MHz, husafiri mbali na kupenya kuta vizuri kuliko 2600 MHz, hivyo mnara mmoja huhudumia eneo kubwa zaidi. Ujerumani ilipopiga mnada masafa ya 800 MHz mwaka 2010, iliweka sharti kwamba kampuni zianze na maeneo yenye wakazi chini ya 5,000, kisha zipande hatua kwa hatua hadi miji mikubwa. Ufaransa mwaka 2018 iliongeza muda wa leseni za masafa bila mnada, na badala ya fedha hizo ikachukua ahadi za kisheria za kufikisha huduma vijijini. Serikali inayotaka kiasi kikubwa kabisa kutoka kwenye mnada inapaswa kujua kwamba kila inachokusanya ni fedha ambayo kampuni haitakuwa nayo ya kujenga.

Sharti la leseni litaje vijiji kwa majina na viwianishi vyake, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo kila kijiji kwenye ramani. Usikubali "asilimia 95 ya wananchi", kwa sababu kampuni itaitimiza kwa kuongeza minara mijini na kando ya barabara kuu, na asilimia 5 itakayobaki ni walewale walioachwa na kampuni ya pili na ya tatu. Weka faini kwa kila kijiji kwa kila mwezi wa kuchelewa. Ongeza sharti la kuchangia minara, ili mteja wa kampuni yoyote apate huduma pale penye mnara mmoja tu. Na toa leseni rahisi, yenye ada ndogo, kwa mitandao midogo inayoendeshwa na jamii yenyewe. Kijiji chenye kaya 200 kinaweza kuhudumiwa na vifaa vya Wi-Fi na fundi wawili waliofunzwa, mahali ambapo kampuni kubwa haioni faida.

Kitakachobaki ndicho kazi ya mfuko wa mawasiliano kwa wote, ule unaotokana na tozo ya asilimia fulani ya mapato ya kampuni. Mifuko hii ina ugonjwa mmoja unaojulikana: fedha hukusanywa zikalala. Utafiti wa taasisi ya Web Foundation wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya dola milioni 400 zisizotumika katika mifuko ya Afrika. Sababu hazifichiki. Sheria inaruhusu kukusanya lakini kanuni za kutumia hazijaandikwa. Au fedha huingia hazina kuu na kutoka kwa kuombwa. Au bodi haijateuliwa. Andika ndani ya sheria yenyewe kwamba mfuko una akaunti yake, mpango wa mwaka unachapishwa pamoja na orodha ya maeneo, na salio lililokaa zaidi ya miaka miwili linapunguza tozo ya mwaka unaofuata. Kipengele hiki cha mwisho huzifanya kampuni kuwa wakaguzi wa mfuko bila malipo.

Ugawaji ufanywe kwa zabuni ya ruzuku ndogo kuliko zote: anayeomba kiasi kidogo zaidi ili ahudumie eneo husika ndiye anayeshinda. Chile ilianza kutumia njia hii katika miaka ya 1990 kupitia mfuko wake wa mwaka 1994, kwa simu za umma vijijini, na baadhi ya maeneo yalichukuliwa na waombaji walioomba ruzuku sifuri. Utaratibu wake ni huu:

1. Gawa maeneo katika mafungu ya vijiji 10 hadi 30 vilivyo jirani. Fungu kubwa mno huziondoa kampuni ndogo. Kijiji kimojakimoja hakimlipi mtu gharama ya kupeleka mafundi.
2. Kokotoa mwenyewe ruzuku ya juu kabisa utakayokubali kwa kila fungu. Bila kikomo hicho, mwombaji akiwa mmoja atajipangia bei.
3. Taja huduma, si teknolojia. Andika: megabiti 10 kwa sekunde ndani ya zahanati na shule, saa za kazi zote. Atakayetumia setilaiti, redio au faiba ni hiari yake.
4. Dai dhamana ya utekelezaji ya benki, yaani fedha ambayo benki italipa mkandarasi akishindwa kazi, walau asilimia 10 ya ruzuku.
5. Lipa kwa vipande. Tunapendekeza asilimia 25 baada ya dhamana kuwekwa, 35 baada ya mkaguzi huru kupima huduma ikiwa hewani, na 40 zinazobaki kwa robo mwaka katika miaka mitano, kulingana na saa ambazo mtandao ulikuwapo.

Hatua hiyo ya tano isifutwe hata mwanasheria wa upande wa pili akilalamika. Mradi unaolipwa wote mnara ukisimama humpa mwenye mnara kila sababu ya kuusahau. Dizeli ikiisha au betri zikiibwa, kurudisha huduma ni gharama kwake, na kutoirudisha si hasara.

Saa za upatikanaji ziandikwe kwa namba ambayo mtu wa kawaida ataielewa. Asilimia 99 kwa mwezi wa siku 30 ni saa 7 na dakika 12 za kukatika. Asilimia 95, ambayo husikika nzuri mezani, ni saa 36, siku moja na nusu nzima.

Umeme ndio unaoua minara ya vijijini kuliko kitu kingine, kwa hiyo hati ya zabuni idai hesabu yake. Tuchukue kituo kidogo kinachokula wati 300 mfululizo. Kwa saa 24 hizo ni kilowati-saa 7.2. Mahali penye wastani wa saa tano za jua kali kwa siku, na robo ya umeme ikipotea kwa joto, vumbi na nyaya, paneli zinazohitajika ni 7.2 ÷ 5 ÷ 0.75, karibu kilowati 1.9. Ili kivumilie siku mbili za mawingu, betri zihifadhi kilowati-saa 14.4 zinazotumika, na kwa kuwa betri za lithiamu hazifai kumalizwa zaidi ya asilimia 80 hivi, nunua za kilowati-saa 18. Mwombaji aliyeleta betri za nusu ya kiasi hicho ameleta bei ya chini ambayo wanakijiji watailipa kila msimu wa mvua. Za asidi zikitumiwa, zisimalizwe zaidi ya nusu, hivyo zitakuwa kubwa zaidi.

Mitaro

Katika ujenzi wa faiba, kuchimba na kufukia hula sehemu kubwa ya gharama, mara nyingi asilimia 60 hadi 80. Waya wenyewe ni rahisi. Kwa hiyo kanuni ni moja: barabara, reli au bomba la maji likijengwa kwa fedha ya umma, mabomba matupu ya faiba yafukiwe hapohapo. Mabomba mawili au matatu ya plastiki ngumu ya HDPE yenye kipenyo cha milimita 40, kina cha karibu mita moja, na chemba kwenye kila makutano. Ndani ya kila bomba iachwe kamba ya kuvutia waya na ncha zizibwe. Zisipozibwa, miaka miwili baadaye utakuta udongo umejaa. Viwianishi viingizwe kwenye daftari la wazi la mtandaoni, la sivyo mkandarasi wa maji atayakata kwa buldoza bila kujua.

Vibali navyo. Dirisha moja, siku 30, na ofisi isiyojibu ndani ya muda huo ihesabiwe imekubali. Ada ya kupitisha njia ifidie gharama halisi ya barabara. Halmashauri ikiigeuza chanzo cha mapato, mita za mwisho za kuelekea vijiji maskini ndizo zinazokatwa kwenye mpango.

Bei na kodi

Tume ya Umoja wa Mataifa ya Intaneti ya Kasi iliweka lengo mwaka 2018: bei ya kifurushi cha chini isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Litumie, lakini usiishie hapo, kwa sababu wastani huficha. Wastani ukiwa 100 na kifurushi kikauzwa 2, nchi imefaulu. Mtu anayepata 25 anakilipia asilimia 8 ya kila alichonacho. Kokotoa lengo upya kwa asilimia 20 maskini zaidi, na ulichapishe kando ya lile la kitaifa.

Angalia pia gigabaiti moja inafanya nini. Somo la video linalotumia megabiti 1.5 kwa sekunde hula megabaiti 675 kwa saa (megabaiti moja ni megabiti nane). Kifurushi cha mwezi cha gigabaiti moja kinamalizika kabla ya saa mbili za masomo.

Kodi ni kisu cha karibu zaidi mkononi mwa serikali, na ndipo huumiza zaidi. Uganda ilianza Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Takwimu za mdhibiti zilionyesha watumiaji wa intaneti wakipungua katika miezi iliyofuata, wengine wakahamia kwenye programu za kuficha njia, na mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa ya asilimia 12 kwenye bando. Tozo ya kiasi kilekile kwa kila mtu humwelemea anayenunua kidogo. Kama hazina haiwezi kusamehe kodi zote, ianze na kodi ya simu za bei ya chini, ikiweka kikomo cha bei ili msamaha usiende kwa wanunuzi wa simu za kifahari. Na mdhibiti afuatilie bei ya rejareja kila mwezi kwa mwaka mzima baada ya msamaha. Ukipita bila bei kushuka, fedha ya umma imebaki kwa waagizaji.

Ruzuku ya moja kwa moja kwa kaya inafanya kazi, ila itakuwa na mwisho wa ghafla isipokuwa na chanzo cha kudumu. Marekani ilikuwa na mpango wa kulipia kaya za kipato cha chini, kwa kawaida hadi dola 30 kwa mwezi. Zaidi ya kaya milioni 23 zilijiunga, na Juni 2024 ukafungwa kwa kuwa Bunge halikuongeza fedha. Kabla ya kuandikisha kaya ya kwanza, hakikisha mwaka wa nne una kifungu chake katika bajeti.

Mikopo ya simu janja ya malipo ya kidogokidogo hufaa, mradi mkataba uandikwe kwa lugha ya mkopaji na simu inayofungwa kwa deni ibaki na uwezo wa kupiga namba za dharura. Kizuizi kingine hakina bei: kitambulisho. Asiyekuwa nacho husajili laini kwa jina la mtu mwingine, mara nyingi mwanamke kwa jina la mume au kaka, na siku ya ugomvi laini na fedha zilizomo si zake tena. Msajili wa laini apewe njia ya muda ya kumtambua mtu, kwa barua ya serikali ya mtaa kwa mfano.

Shule na vituo vya umma

Peru iligawa zaidi ya kompyuta 800,000 chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Tathmini ya Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, iliyochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha shule 319 za msingi vijijini, haikuona tofauti yoyote katika alama za hesabu na lugha. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha. Kwa kila 100 za bajeti ya shule, sisi tungeweka 40 kwenye vifaa na 60 kwenye umeme, intaneti, matengenezo na mafunzo ya walimu kwa miaka mitano. Ukipewa fedha nusu, punguza idadi ya shule. Usipunguze hizo 60.

Kasi pia ihesabiwe. Wanafunzi 30 wakitazama video kwa pamoja, kila mmoja megabiti 1.5, darasa linahitaji megabiti 45 kwa sekunde. Kijiji kinachopata 10 kinaweza bado kufundisha vizuri kwa seva ndogo iliyowekwa shuleni, inayopakua masomo usiku na kuyagawa mchana bila kugusa intaneti. Chumba hicho kifunguliwe kwa wanakijiji jioni na mwishoni mwa wiki, mtu wa kukisimamia akilipwa. Cha kujitolea hufungwa ndani ya miezi michache.

Huduma za serikali zenyewe

Tovuti ya serikali yenye kurasa za megabaiti 3 huchukua dakika nne kufunguka kwa mwenye kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, tena kwa bando lake. Weka kikomo cha kilobaiti 300 kwa ukurasa, ambacho kwa kasi hiyohiyo ni sekunde 24, na kiwe sharti la kupokea kazi ya mkandarasi. Kila huduma muhimu iwe pia na menyu ya simu ya kitochi. Ujumbe mmoja wa menyu hiyo hubeba hadi herufi 182, hivyo maswali yaandikwe mafupi, na mtumiaji aliyekatika katikati arudi alipoishia. Kwa wasioona, kila kitufe na picha viwe na maelezo yanayosomeka na programu za kusoma skrini, na maandishi yatofautiane na usuli kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Nchi zilizoridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tayari zinabanwa na ibara yake ya 9.

Na dirisha la karatasi lisifungwe mpaka utafiti wa kaya uonyeshe kwamba wanaolihitaji wamekwisha kupata njia nyingine. Kulifunga mapema huwatenga wazee kwanza.

Mafunzo yafanyike kwenye simu ya mwenyewe mwanafunzi, kwa jambo alilolitaka: kuangalia bei ya mazao, kutuma fomu, kumpigia mtoto wake kwa video. Somo la kwanza liwe la namba ya siri na jinsi matapeli wanavyoiomba. Anayetapeliwa wiki ya kwanza huacha, na huwaambia majirani waache.

Ufuatiliaji hadi mwaka wa sita

Kila kituo kilichopata ruzuku kiwe na kifaa kinachoripoti chenyewe kila baada ya dakika 15, na takwimu zionekane kwa umma kwa jina la kijiji. Mlangoni pa zahanati na shule pabandikwe namba ya bure ya kuripoti kukatika, pamoja na kasi iliyoahidiwa na jina la mkandarasi. Malipo ya robo mwaka yalinganishe vyanzo hivyo viwili. Vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5, mkaguzi aende.

Rudia utafiti wa kaya baada ya miaka miwili, kwa dodoso lilelile bila kubadilisha maneno, hata kama limeonekana kuwa na kasoro. Maswali mapya yaongezwe mwishoni.

Mkataba useme tangu siku ya kwanza mnara, betri na kiwanja vitakuwa vya nani baada ya miaka mitano. Betri zitakuwa zinakaribia kubadilishwa wakati huohuo, na mkandarasi asiye na wajibu wa kuzibadilisha ataondoka mwezi mmoja kabla. Chaguo linalofanya kazi ni kampuni kubaki na mali yote kwa sharti la kuendesha huduma miaka mitano mingine bila ruzuku, baada ya kufunga betri mpya kabla ya kupokea malipo ya robo mwaka ya mwisho. Ikikataa, vifaa vihamie kwa halmashauri vikiwa na betri hizo, nywila zote na michoro ya umeme.